DEKODA NI YETU, UFUNGUO NI WAO

Ndugu wafanya kazi,

Chama chetu kimezoea kudai nyongeza ya mshahara. Leo twasema juu ya wale wanaoingojea nyongeza hiyo njiani kabla haijafika jikoni. Miongoni mwao ni makampuni ya televisheni ya dishi.

Tazameni hesabu yake. Mfanya kazi hununua dishi, hununua kichwa chake, hununua waya, hununua dekoda, kisha humlipa fundi wa kupanda juu ya bati. Vitu hivyo ni mali yake na risiti anayo. Lakini dekoda hiyo hufungwa na kufunguliwa na kampuni kutoka mbali. Mwezi ukiisha bila malipo, yafungwa. Dishi bado lapokea mawimbi yale yale kutoka setilaiti iliyo juu ya ikweta, kilomita karibu 36,000 toka ardhini. Hakuna kilichoharibika; ni ufunguo tu uliogeuzwa. Mtu akinunua ng'ombe sokoni hupewa na kamba yake. Sisi tumeuziwa ng'ombe, na kamba imebaki mkononi mwa muuzaji.

Tena siku za malipo huhesabiwa stima iwepo isiwepo. Na mvua je? Dishi linaloelekea setilaiti ya nyuzi 36 mashariki, ambayo kwetu Kenya iko karibu juu ya utosi, hulala chali kama bakuli. Mvua kubwa ikinyesha picha hukatika, maji hujaa ndani ya dishi, na mwenye nyumba hutafuta msumari atoboe tundu. Hasara ya mvua ni yake, hasara ya giza ni yake, na malipo ya mwezi ni yale yale.

Wako watakaosema: televisheni ni anasa, asiyeiweza aiache. Hatukubali. Mpira wa Ulaya waweza kuwa anasa, na anayeutaka alipe. Mechi hizo hununuliwa kwa fedha nyingi, twajua. Lakini habari za mafuriko, za uchaguzi, za maradhi na za bei ya unga si anasa. Televisheni ilianza katika nchi hii mwaka 1962, na stesheni ya taifa ni mali ya wananchi. Je, ni haki mwananchi afungiwe habari za nchi yake kwa sababu hakulipia mpira wa nchi nyingine? Wanachama wetu wengi wametueleza kwamba mwezi ukiisha, hata stesheni za nyumbani zimezimika pamoja na za kigeni. Nao wanaosema "nunua dekoda ya bure ya mlingoti" hawajalala nyuma ya milima ambako mawimbi ya mlingoti hayafiki. Huko dishi ndilo dirisha la pekee.

Ndugu, tusisahau yaliyopita. Mwaka 2007 ilikuja kampuni iitwayo GTV, nayo ilikuwa na haki ya kuonyesha mechi nyingi za ligi kuu ya Uingereza. Watu wa nchi nyingi za Afrika, na Wakenya wakiwemo, walinunua madishi na madekoda yake. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni ikafilisika na matangazo yakakoma. Dekoda iliyofungwa kwa kampuni moja ikawa sanduku tupu. Ndiyo maana twasema chombo kisifungwe kwa bwana mmoja.

Mwaka 2015 tuliona mengine. Mitambo ya zamani ilipozimwa mwezi wa Februari, wenye stesheni kubwa za nchi hii walikuwa wakigombana na serikali juu ya nani abebe matangazo yao. Citizen, NTV na KTN zikatoweka hewani kwa karibu majuma matatu. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Hakuna aliyewauliza nyasi.

Jirani zetu Watanzania nao wana somo lao. Mwaka 2018 serikali yao iliona kwamba makampuni ya dishi yanatoza watu kwa stesheni ambazo leseni inataka zionekane bure. Jambo hilo lilikuwa kweli. Lakini dawa iliyotolewa ilikuwa kuziondoa stesheni hizo katika madishi ya kulipia. Basi mtazamaji aliyekuwa akitozwa asichopaswa kutozwa, sasa akakosa kabisa. Sisi hatutaki dawa ya namna hiyo. Hatusemi stesheni za nyumbani ziondolewe. Twasema zibaki wazi, malipo yawepo yasiwepo.

Sasa makampuni yatangaza mipango ya stesheni mpya za nyumbani, za Kiswahili na za lugha zetu nyingine. Twapongeza, maana Kiswahili ni lugha ya taifa na wasanii wetu wapate kazi. Lakini twauliza: stesheni hizo zitawekwa katika kifurushi gani? Mtunzi, mchezaji na mpiga picha watalipwa nini, na kipindi kikirudiwa mara kumi watapata lolote? Nani ataamua? Mwaka 2025 MultiChoice ya Afrika Kusini, mwenye DStv, iliingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Mkubwa wa wakubwa sasa yuko ng'ambo. Sauti ya mtazamaji wa Kitui au Lamu itamfikiaje, ikiwa sisi wenyewe hatusemi kwa pamoja?

Na yuko mwingine anayesahauliwa: fundi. Yeye hulipwa kwa kila dishi alilofunga. Siku isiyo na dishi haina mkate. Hupanda mapaa na nguzo na kamba yake mwenyewe, na akianguka huambiwa hakuwa mtu wa kampuni. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya ujira wa haki, mazingira ya kazi yanayofaa, na kuingia chama. Haikusema "isipokuwa wa juu ya paa." Kifungu cha 46 chalinda mnunuzi: apate kitu kizuri, aelezwe anachonunua, na alipwe fidia akipata hasara.

Kwa hiyo madai yetu ni haya:

1. Stesheni za nyumbani zinazotangaza bure zisizimwe katika dekoda yoyote mwezi unapokwisha.

2. Dekoda iliyonunuliwa iweze kutumika kwa kampuni zaidi ya moja.

3. Matangazo yakikatika kwa kosa la kampuni, siku hizo zirudishwe.

4. Bei, masharti na orodha ya stesheni ziandikwe kwa Kiswahili, na zisibadilishwe bila mnunuzi kuarifiwa mapema.

5. Mafundi waandikwe kazi, wapewe vifaa vya usalama na bima.

6. Wasanii wa stesheni mpya wawe na mikataba iliyoandikwa.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mtu mmoja akipiga simu kwa kampuni huwekewa muziki asikilize mpaka salio limalizike. Watu elfu wakipeleka barua moja hawawezi kuwekewa muziki. Kila tawi likusanye risiti za dekoda na za malipo, liandike tarehe ambazo picha ilikatika, na mafundi walioumia waandikwe kazi waliyokuwa wakifanya. Karatasi hizo zifike ofisini kwetu, nasi tutazipeleka mbele ya serikali na mbele ya makampuni.

Tumenunua chombo kwa jasho. Twataka na ufunguo.

UMOJA NI NGUVU.