Tuzo Si Msaada

Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973, Taifa lilikusudia kuacha kuazima wataalamu wa kujenga madaraja yake. Kusudio hilo lilikuwa la haki. Lakini uhandisi ukibaki mali ya watoto waliosoma katika shule chache zenye maabara, tutakuwa tumewaondoa wageni tu. Upendeleo wenyewe tumeuacha palepale.

Tuitazame misaada tunayotoa. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, hupewa waliofaulu zaidi masomo ya sayansi Kidato cha Sita. Hatuubezi, mwenye bidii anastahili kutuzwa. Lakini tuzo si msaada. Tuzo humfuata aliyekwisha kufika. Msaada humwendea aliyekwama njiani. Ni nani anayemwendea msichana wa shule ya kata aliyesoma fizikia kwa kukariri ubao, bila kuunganisha waya hata mmoja? Ni nani anayemwendea kijana wa kiti cha magurudumu anayekuta ngazi mlangoni pa karakana?

Wapo wenzetu wanaodai kwamba kuwasaidia hawa ni kushusha viwango. Hiyo ni kasumba. Katika miaka ya 2000 Chuo Kikuu hicho hicho kiliendesha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokosa kidogo tu alama za kuingilia uhandisi. Walifundishwa, wakatahiniwa, ndipo waliofaulu wakapokelewa. Nani aliyepunjwa hapo? Kiwango cha mhandisi hupimwa anapohitimu, na anaposimama mbele ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Hakipimwi anapobisha hodi.

Kwa hiyo mafunzo ya awali yawe wajibu wa kila chuo cha uhandisi, yatengewe fungu katika bajeti, na yawafikie pia wenye ulemavu na wote waliotoka shule zisizo na maabara. Ndugu walimu, msiwakatishe tamaa wasichana kwa kuwaambia hesabu ni za wavulana. Ndugu watumishi, fomu ya mwanafunzi maskini isilale mezani hadi tarehe ya mwisho ipite.

Daraja halimchagui anayepita juu yake. Wajenzi wake nao wasichaguliwe kwa bahati ya mahali walipozaliwa.