Tuwaachie Watoto Udongo

Wahenga walinena: udongo uwahi ungali maji. Hata hivyo, bado zipo skuli za maandalizi, Unguja na Pemba, ambamo mtoto wa miaka 4 hunakili herufi asubuhi nzima, na udongo wenyewe hapewi aushike.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliyaingiza maandalizi katika elimu ya lazima. Hatua hiyo yastahili pongezi. Lakini elimu ya umri huo haipimwi kwa daftari lililojaa. Mtoto afinyangapo chungu, asukapo ukili au achorapo dau mchangani kwa fikira zake mwenyewe, vidole vyake hupata nguvu ya kushika kalamu, na akili yake hujizoeza kuchagua na kubuni.

Ukosefu wa fedha si hoja: ukili, vifuu, kauri na udongo tunavyo. Kinachokosekana ni ruhusa, kwani mwalimu huchelea kuonekana mvivu.

Kwa hiyo twaiomba Wizara iwaagize wakaguzi waulize pia watoto wamebuni nini, na ratiba itenge nusu saa kila siku kwa kazi hiyo. Nasi wazazi, mtoto arudipo na matope nguoni, tusimlaumu mwalimu wake.