Metali Ngumu si Lazima Iwe Bora kwa Mfupa

Katika michoro mingi ya darasani mfupa huonekana kama nguzo ya nyumba: mgumu, mkavu, usiobadilika. Picha hiyo hupotosha. Mfupa ni kitu hai. Seli fulani huumega na nyingine huujenga, na mzigo unaoulemea huamua wapi uongezwe na wapi upunguzwe. Julius Wolff, tabibu Mjerumani, alilieleza jambo hili mwaka 1892. Ushahidi wake mzuri unapatikana leo katika nyonga bandia.

Katika miaka ya 1960 Mwingereza John Charnley alikigandisha kiungo bandia mfupani kwa saruji ya akriliki. Baadaye ilitafutwa njia nyingine: kuivika metali tabaka lenye vitundu, ili mfupa wenyewe uote ndani na kuishika. Vitundu vya maikromita 50 hadi 400 hivi vilionekana kufaa. Vikiwa vidogo mno, mishipa ya damu hukosa njia, na pasipo damu hapana mfupa.

Hata hivyo vitundu peke yake havitoshi. Kiungo kikichezacheza katika majuma ya kwanza kwa zaidi ya maikromita 150 hivi, yaani kama unene wa karatasi mbili za daftari, huota nyuzi laini badala ya mfupa. Mgonjwa hubaki na maumivu na kiungo kilicholegea.

Kwa hiyo ni kosa kuisifu metali kwa ugumu wake tu. Aloi ya kobalti na kromi ni ngumu kupindika kuliko mfupa kwa zaidi ya mara kumi. Ya titani, kama mara tano au sita. Metali ya namna hiyo huupokonya mfupa mzigo, nao mfupa usio na kazi hukonda. Tantali yenye vitundu, ambayo asilimia 75 hadi 80 yake ni uwazi mtupu, hukubali kupindika karibu kama mfupa.

Wala saruji haijapitwa na wakati. Kwa mzee mwenye mifupa dhaifu, shina linalogongwa mpaka libane laweza kuupasua mfupa, na hapo saruji huwa salama zaidi.

Mwalimu hahitaji maabara kubwa kuyaonyesha haya. Mfupa wa paja la ng'ombe ukipasuliwa kwa msumeno, penye kichwa chake wanafunzi wataona vijiti vyembamba vya mfupa, vimepangwa kufuata njia ya mzigo.