Kamba Ilipokatwa

Bidhaa njema haijiuzi yenyewe; yahitaji mtu ajuaye kuieleza. Elisha Otis, fundi wa Marekani, alilijua jambo hilo. Lifti yake haikupata wanunuzi wengi, kwa kuwa watu walihofu kamba ikikatika wataanguka na kufa.

Mwaka 1854, katika maonyesho ya Crystal Palace jijini New York, Otis alipanda juu ya jukwaa lililoning'inizwa kwa kamba, akainuliwa mbele ya umati, kisha akaamuru kamba ikatwe. Watu walishtuka. Jukwaa lilishuka kidogo tu likasimama, maana springi iliachia, ikasukuma vyuma vikanasa katika meno ya nguzo za pembeni. Mwaka 1857 lifti yake ya abiria iliwekwa katika duka moja la mji huo.

Onyesho hilo lilikuwa na hatari, mashaka na mwisho mwema, kama ngano ya jioni. Lakini asingethubutu kukata kamba bila matayarisho.

Basi mama anayekwenda kuomba mkopo wa cherehani, au askari mstaafu atafutaye mtaji wa kufuga kuku, na aanze kwa kueleza shida atakayowaondolea jirani zake, ndipo ataje fedha. Achukue gauni aliloshona, au trei ya mayai, mkopeshaji aione. Usiku wa kuamkia siku hiyo ajizoeze mbele ya watoto, wakisinzia, afupishe. Mwenye macho haambiwi tazama.