Diana Aliiacha Pepo kwa Ajili ya Nani

Mashabiki wa katuni wana usemi wao kila Wonder Woman anapotajwa: wema wake unatosha, na habari za kuwapenda wanawake wenzake zimebandikwa juzi tu ili kuwafurahisha watu fulani. Si wote wasemao hivyo wana chuki. Wengi wao wanampenda Diana, maana ndilo jina lake halisi, kwa dhati, na wanachotaka ni huruma yake iachwe salama, isichanganywe na mambo ya mapenzi. Mimi nawapinga hapohapo kwenye huruma. Ukiliondoa lile pendo, huruma yake inapungua uzito.

Tuanze na kisa chenyewe. Wonder Woman alitokea mara ya kwanza mwaka 1941, katika toleo la 8 la All Star Comics. Aliyembuni ni William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Marekani, na aliyemchora ni H. G. Peter. Rubani wa jeshi, Steve Trevor, anaanguka na ndege yake kwenye kisiwa cha Waamazoni, wanawake wasiozeeka wanaoishi peke yao bila mwanamume. Diana, binti wa malkia Hippolyta, anamuuguza na kumpenda. Malkia anaitisha mashindano ya kumpata atakayemrudisha rubani kwao na kuisaidia dunia iliyo vitani, lakini anamkataza bintiye kushiriki. Diana anavaa kinyago, anaingia kwa siri, anakinga risasi kwa bangili zake, anashinda na kuondoka.

Ameondoka kwa nini? Ukikisoma kisa kile kama kilivyo, jibu linalokuja upesi ni kwamba amemfuata mwanamume, tena wa kwanza kumwona maishani mwake. Vita na mateso ya watu vinabaki nyuma ya hilo, kama sababu ya pili.

Mwaka 2016 Greg Rucka, aliyekuwa amerudi kumwandika Wonder Woman kwa kampuni ya DC, aliulizwa katika mahojiano kama Diana huwapenda wanawake wenzake, akajibu bila kuzunguka: ndiyo, Diana amewahi kupendana na wanawake kisiwani kwao. Kilichonigusa zaidi ni hoja aliyoifuatisha. Alieleza kwamba Diana akiiacha pepo kwa sababu ya kumpenda Steve, ushujaa wake unapungua. Hana budi kuondoka kwa kuwa anataka kuisaidia dunia. Katika kisa cha Year One, alichokiandika mwaka huohuo na kuchorwa na Nicola Scott, maisha ya Diana kisiwani yamekamilika. Ana mama, ana marafiki, ana mapenzi. Steve anafika, na anapendeka, lakini si yeye anayejaza pengo, kwa sababu pengo halikuwepo.

Kuna anayejibu kwamba hata kama Diana asingekuwa amempenda mtu yeyote, mama na wenzake walitosha kuwa kitu cha thamani cha kuacha. Hoja hiyo ina nguvu, nami naiheshimu. Lakini kitazame kisiwa jinsi kilivyochorwa kwa miongo mingi: farasi, michezo, mahekalu, na wanawake waliokaa pamoja karne baada ya karne bila hata mmoja kumpenda mwenzake. Hapo si peponi. Ni bweni la wasichana lililozungushiwa bahari, na anayetoka bwenini hajajinyima kitu. Tukishakubali kwamba wanawake wale wanapendana kwelikweli, wanaliliana na kuoneana wivu, ndipo kuondoka kwa Diana kunakuwa sadaka. Ameacha furaha anayoijua kwa ajili ya watu asiowajua.

Kuhusu madai kwamba jambo hili ni la juzi, historia inayakataa. Diana wa miaka ya 1940 akistuka humtaja Sappho, mshairi wa kale wa kisiwa cha Lesbos aliyetunga mashairi ya mapenzi kwa wanawake. Marston mwenyewe aliishi nyumba moja na wanawake wawili, mkewe Elizabeth Holloway na Olive Byrne, akazaa na wote wawili. Alipofariki mwaka 1947, wanawake wale waliendelea kuishi pamoja kwa miongo kadhaa. Na mwaka 1954, daktari wa magonjwa ya akili Fredric Wertham alichapisha kitabu cha kuzilaani katuni, akaandika kwamba Wonder Woman ni mwanamke anayependa wanawake. Alikusudia kumshutumu, lakini macho yake yalikuwa yameona kilichokuwepo. Miaka iliyofuata ilimletea Diana visa vingi vya kuvutana na Steve kuhusu ndoa. Ukitafuta kilichobandikwa, utakipata huko.

Upo pia mtazamo kwamba huruma ni ulaini, pambo la shujaa wa kike, na kwamba kazi halisi hufanywa na ngumi. Lakini mwaka 1943, Marekani ikiwa katikati ya vita, watoto walilipa senti 10 kusoma kisa cha Paula von Gunther, jasusi wa Wanazi na muuaji. Diana anagundua kwamba Wanazi wamemshikilia mtoto wa Paula, Gerta. Anakwenda kumwokoa mtoto wa adui yake. Paula anageuka, anaingia motoni kumwokoa Diana na kuungua uso, kisha anakuwa mwanasayansi wa Waamazoni. Kumwandikia msomaji wa Marekani kisa kama hicho mwaka ule kulihitaji ujasiri.

Kitabu ambacho ningemkabidhi kila mwenye mtazamo huo ni The Hiketeia cha mwaka 2002, kilichoandikwa na Rucka huyohuyo na kuchorwa na J. G. Jones. Msichana aitwaye Danielle anafika kwa Diana, anapiga magoti na kuomba hifadhi kwa ibada ya kale ya Wagiriki. Diana anamkubali kabla hajajua amefanya nini. Kumbe Danielle ameua wanaume waliomharibia ndugu yake maisha hadi akafa, na Batman anamsaka, huku sheria ikiwa upande wa Batman. Nje ya nyumba wanangoja Erinyes, miungu wa kisasi, tayari kumuua Diana akivunja kiapo. Jalada linaonyesha buti jekundu la Diana limekanyaga kichwa cha Batman, na wengi wamelikumbuka hilo tu. Ugumu wenyewe uko ndani: Diana anajua msichana huyu ni muuaji, hamwambii kwamba alifanya vyema, wala hamtoi. Mwisho wake unauma, kwa sababu Danielle anajiua ili amfungue Diana kwenye kiapo.

Inabaki ile hoja ambayo wapinzani huiweka mwisho kama karata ya ushindi. Mwaka 2005, katika toleo la 219 la kitabu chake, Diana alimvunja shingo Maxwell Lord, mtu aliyekuwa ameitawala akili ya Superman na kumfanya awapige wenzake. Iko wapi huruma hapo? Tazama alichofanya kwanza. Alimfunga Lord kwa kamba yake, ile isiyomruhusu mtu kusema uongo, akamuuliza namna ya kumfungua Superman. Lord akajibu kwamba hakuna njia nyingine ila kumuua. Kisa hicho kinanilemea kila ninapokisoma, na sitamlaumu anayesema Diana alipaswa kutafuta njia ya tatu. Ila sioni kwamba huruma ilikuwa imemtoka. Aliwafikiria watu ambao Superman angewaua kesho yake, akalibeba jambo lile mwenyewe. Picha za mauaji zilirushwa dunia nzima bila maelezo ya kilichotangulia, na Superman, ambaye kwa ajili yake alifanya yote yale, hakuweza kulikubali.