Eti Abushiri ni historia tu

KIBARAZANI na Binti Kaole

Jumamosi nilikuwa Ngome Kongwe, Bagamoyo, namsubiri fundi wangu wa milango. Mara likashusha basi la wanafunzi wa uzamili, uhusiano wa kimataifa, kutoka chuo kimoja cha jijini. Fulana mpya, vitambulisho shingoni. Kijana mmoja akasimama kivulini, kompyuta mkononi, akawasomea wenzake pendekezo lake la utafiti: Thucydides, Morgenthau, Waltz, Athens na kisiwa cha Melos. Hapo bahari ya Bagamoyo iko mgongoni mwake.

Nikamuuliza, "Mwanangu, na Abushiri je?"

"Shikamoo mama. Hiyo ni historia. Sisi tunasoma nadharia."

Marahaba, lakini nilichemka, na bado sijapoa.

Historia! Aprili 1888 Sultani Khalifa, akiwa Unguja, aliisainia kampuni ya Wajerumani mwambao wetu. Agosti wakaja kupandisha bendera. Pangani ikawaka kwa upinzani wa Abushiri, Saadani kwa ule wa Bwana Heri. Kabla mwaka haujaisha Uingereza na Ujerumani zikaziba pwani kwa manowari, eti kuzuia biashara ya watumwa na silaha. Mei 1889 kamanda wa Wajerumani, Wissmann, na askari wake waliokodiwa Misri na Msumbiji, akaivunja kambi ya Abushiri hapa hapa Bagamoyo. Desemba akamnyonga Pangani.

Mamlaka ya dola, vikwazo, vita kwa jina la ubinadamu, jeshi la kukodi: kimekosekana nini? Na msiniambie Abushiri hakuwa malaika. Najua, alikuwa na mashamba ya miwa na watumwa wa kuyalima. Ndiyo semina inoge.

Waltz aliandika mwaka 1979 kwamba kujenga nadharia ya siasa za dunia juu ya Malaysia na Costa Rica ni kichekesho. Mmarekani yule, alitetea kwao. Wewe uliyekulia Mbezi unamtetea nani? Hata Ali Mazrui, mtoto wa Mombasa aliyetoa Towards a Pax Africana mwaka 1967, hakutajwa. Wala bandari ya Mbegani, hapa hapa Bagamoyo, ambayo mkataba wake na Wachina ulisainiwa mwaka 2013, Waoman wakaingia, hadi Rais Magufuli mwaka 2019 akasema masharti yale ni ya kukubaliwa na kichaa.

Simlaumu sana kijana. Wahadhiri wake wanasomesha madaftari waliyorudi nayo kutoka ng'ambo, na Afrika wanaibandika wiki ya mwisho, wanafunzi wakishawaza nauli ya kwenda kwao.

Basi wahadhiri, mtihani ujao ulizeni hivi: Sultani alisaini, pwani ikakataa, mwenye nchi alikuwa nani? Asiyeweza kujibu, arudie mwaka. Na mwalimu wake arudie naye.