Nani alisukuma toroli?

Kuna watu wazima, wengi wao Ulaya na Marekani, ambao jioni baada ya kazi hukaa mezani wakijenga reli ndogo. Hawachezi. Hupima kila taruma, hukata vipande vya waya vyembamba kama unywele, hupaka kutu ya rangi juu ya chuma kipya ili kionekane kimechakaa. Tawi moja la kazi hiyo limenivutia mimi mwanafunzi wa lugha kuliko mengine: wale wanaojenga upya reli nyembamba za Vita Kuu ya Kwanza. Nimetazama picha za kazi zao kwa muda mrefu, nikavutiwa, kisha nikaanza kusumbuliwa na jambo moja. Maoni yangu ni haya: reli ya vita iliyojengwa mezani bila watu waliotandika njia na kusukuma mizigo ni uongo wenye vipimo sahihi.

Kwanza tuelewane reli zenyewe zilikuwa nini. Kati ya 1914 na 1918, majeshi yalikaa kwenye mahandaki kaskazini mwa Ufaransa na Ubelgiji. Reli kubwa zilifika mbali nyuma ya mstari wa mapigano. Kutoka hapo hadi kwenye mizinga, mvua, makombora na kwato za farasi vilikuwa vimegeuza barabara kuwa tope. Jibu lilikuwa njia ya reli yenye upana wa sentimita 60 tu. Wazo halikutoka jeshini. Lilitoka shambani, kwa Mfaransa Paul Decauville, aliyetengeneza vipande vya reli vilivyokwisha kuunganishwa na mataruma yake ya chuma, vya kubebwa na kutandikwa ardhini ili kusafirisha mavuno. Jina lake limekuwa neno la kawaida katika Kifaransa: reli ndogo ya aina hiyo huitwa tu décauville. Ofisa wa mizinga aitwaye Péchot akalipeleka wazo hilo jeshini, na kuanzia 1888 Wafaransa wakalitumia kwenye ngome zao kama Toul na Verdun. Wajerumani walikuwa na mfumo wao wa upana huohuo. Waingereza walichelewa hadi 1916, kisha wakaagiza kwa pupa: kampuni ya Baldwin ya Marekani peke yake iliwauzia vichwa 495 vya treni vya mvuke. Karibu na adui mvuke haukufaa, kwa sababu moshi wa mchana na cheche za usiku huita makombora. Hapo zilitumika injini ndogo za petroli.

Sasa turudi mezani. Mjenzi hodari huchagua kipimo cha 1:35, yaani kila kitu hugawanywa kwa 35. Sentimita 60 za njia huwa kama milimita 17, na kwa bahati njema reli ndogo za kununua zenye upana wa milimita 16.5 zipo tele. Mtu wa sentimita 170 huwa na urefu wa karibu sentimita 5. Kipimo hicho ndicho pia kinachopendwa na wanaotengeneza vifaru na askari wadogo, kwa hiyo vifaa havikosekani. Mjenzi atahesabu misumari kwenye tangi la maji la Baldwin. Atasoma picha za zamani kwa kioo cha kukuzia ili ajue ndoo ilitundikwa upande gani. Atachanganya gundi, vumbi na rangi mpaka apate tope lenye kung'aa kama tope lililonyeshewa leo asubuhi. Sidharau hata chembe ya kazi hiyo. Anayepima kitu kwa uangalifu namna hiyo anakiheshimu, na laiti sisi tungepima sentensi zetu hivyo kabla ya kuandika tasnifu.

Lakini tazama picha hizo tena uhesabu watu. Mara nyingi utakuta dereva mmoja, askari wawili wanaovuta sigara, labda ofisa mwenye ramani. Njia imetandikwa, kokoto zimemwagwa, makombora yamepakiwa. Nani alifanya hayo?

Katika darasa la sarufi tunafundishwa kauli ya kutendwa. Reli ilitandikwa. Shehena ilifikishwa. Sentensi hizo ni sahihi, na Kiswahili kinaturuhusu kuishia hapo. Kinaturuhusu pia kuongeza neno dogo *na* halafu tukamtaja mtenda: ilitandikwa na fulani. Atakayeamua kuongeza au kuacha ni msemaji, wala hawezi kusema kuwa sarufi ilimlazimisha. Reli ndogo ya mezani isiyo na wafanyakazi ni sentensi ya kutendwa iliyokatwa kabla ya *na*.

Na watenda walikuwepo. Waingereza na Wafaransa waliajiri Wachina wapatao 140,000 kufanya kazi za nyuma ya mapigano: kupakua makombora, kuchimba, kutengeneza barabara na reli. Waafrika Kusini weusi wapatao 21,000 walipelekwa Ufaransa kwa kazi kama hizo, bila kupewa bunduki. Tarehe 21 Februari 1917 meli yao Mendi iligongwa na meli nyingine katika ukungu karibu na kisiwa cha Isle of Wight, na watu zaidi ya 600 wakafa kabla ya kuiona Ufaransa. Watu hawa walikuwa ndani ya kazi yenyewe, kama mataruma yalivyokuwa ndani ya njia. Anayehesabu misumari ya tangi na kuwaacha wao amekwisha kuchagua.

Msomaji wa hapa kwetu anaweza kusema hayo ni mambo ya Wazungu na tope lao. Basi tuisogelee Afrika Mashariki, maana vita hivyohivyo vilikuja na reli nyembamba hadi katika nchi ya Kiswahili. Katika koloni la Wajerumani kulikuwa na reli ya Usambara, kutoka Tanga hadi Moshi, ikipita Mombo. Vita vilipoanza, Wajerumani walikusanya reli ndogo za mashambani, zenye upana wa sentimita 60, wakazitandika kutoka Mombo kuelekea kusini hadi Handeni. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Smuts yalipoteremka kando ya mto Pangani na kufika Handeni, yalikuwa yakifuata njia hiyo.

Reli hiyo haikuwa na vichwa vya treni. Matoroli yake yalisukumwa kwa mikono. Fikiria sasa fundi anayetaka kuijenga mezani kwa kipimo cha 1:35. Kitu cha kwanza ambacho kila mjenzi wa reli ndogo hununua ni injini, na hapa hakuna injini ya kununua. Hawezi kuweka toroli peke yake kwenye reli akasema amemaliza, kwa sababu toroli hilo halitakwenda popote. Lazima atengeneze watu: migongo iliyoinama, mikono iliyonyooka, miguu inayotafuta pa kukanyaga kati ya taruma na taruma. Mombo inamlazimisha kumalizia sentensi kwa *na*. Ndiyo maana naiona njia hiyo kuwa funzo zuri kuliko njia zote za Ufaransa.

Mahali pasipokuwa na reli hata ya kusukuma, mzigo ulipanda mabegani. Hapo ndipo Kongo inaingia. Majeshi ya Force Publique yalitoka upande wetu yakaingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916, na nyuma yao na mbele yao walikuwapo wapagazi. Idadi inayotajwa mara nyingi kwa upande wa Kongo katika vita vyote ni 260,000. Kwa upande wa Waingereza hutajwa watu karibu milioni moja. Tupige hesabu ndogo tuone reli ilikuwa na maana gani. Behewa moja la Waingereza kule Ufaransa lilibeba karibu tani 10. Mpagazi mmoja alibeba karibu kilo 25. Behewa moja, basi, ni watu 400. Na watu 400 hula kila siku. Tukisema kila mmoja anakula kilo moja kwa siku, baada ya siku 25 wamekula mzigo wote walioubeba. Njaa ya wapagazi na magonjwa yaliyowaua kwa maelfu vimo tayari ndani ya hesabu hiyo.

Lugha yenyewe imeweka kumbukumbu. *Mpagazi* hutokana na *kupagaa*, kuchukua mzigo begani, na kitenzi hicho kina ndugu yake *kupagaza*, kumtwisha mwingine. Anayesikiliza vizuri atasikia kwamba kila mpagazi ana aliyempagaza. Dar es Salaam kuna Kariakoo, Nairobi kuna Kariokor. Majina yote mawili ni jina la Kiingereza la kikosi cha wabeba mizigo, likiwa limetafunwa na vinywa vya Waswahili hadi likawa lao. Kinshasa tuna barabara inayoitwa Tabora. Tofauti ni kubwa: Tabora ni jina la ushindi, nalo husifu walioamuru. Kariakoo ni jina la waliobeba, na leo watu hununua nyanya na nguo humo bila kujua kwamba wanawataja.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema hii ni burudani, mwache mtu apumzike na treni yake. Namwacha. Lakini mjenzi mwenyewe ndiye anayejisifu kwa ukweli wa kila msumari. Nami simpimi kwa kipimo changu, nampima kwa chake. Wa pili atasema nafasi haitoshi. Ni kweli: meza ya mita 2 kwa kipimo cha 1:35 huonyesha mita 70 tu za njia. Lakini kadiri nafasi inavyopungua, ndivyo kila kilichowekwa kinavyokuwa tamko la aliyekiweka. Ukiwa na mita 70 tu za vita vyote, na umechagua ofisa mwenye ramani, umesema jambo.

Jibu la tatu ni gumu zaidi. Kuwafanya wapagazi vinyago vya sentimita 5, watasema, ni kuwadhalilisha mara ya pili. Hofu hiyo naiheshimu. Vinyago ishirini vilivyotoka kwenye kalibu moja, vyenye uso mmoja na mgongo mmoja, kweli ni matusi. Dawa yake ni uangalifu uleule uliotumika kwenye tangi la Baldwin: huyu ameweka ngata kichwani, yule ana kidonda mguuni, wa tatu amesimama kufunga kamba. Tukiwaondoa kwa sababu ya heshima, watakuwa wametoweka kama walivyotoweka kwa sababu ya dharau, na mtazamaji hatajua tofauti.

Ninapendekeza, basi, tuijenge sisi. Kitivo chetu kina ukumbi wenye meza ndefu inayokaa bure. Mbao, kadibodi, waya, gundi na udongo uliochekechwa havihitaji mfadhili. Tujenge mita 70 za njia ya Mombo na Handeni, na kila kitu kiandikwe jina lake kwa Kiswahili. Hapo ndipo kazi yetu ya lugha itakapoanza, maana wengi wetu nyumbani husema shemindefere, tukichukua Kifaransa kizimakizima, na tukiulizwa jina la kipande kinacholala chini ya reli tunanyamaza. Ni taruma. Atakayetengeneza mataruma mia kwa mkono wake hatalisahau neno hilo.

Wanahistoria watusaidie kwa picha na tarehe, wanafunzi wa sanaa watusaidie kwa nyuso. Sisi wa isimu tuandike kibao cha mbele, na kibao hicho kisiandikwe kwamba matoroli yalisukumwa, nukta. Kiandikwe yalisukumwa na nani.